Mbegu Iliyokobolewa

Kibaoni, Ifakara
Desemba 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Na yule mbuzi aliyekuwa hali majani, amepona au mmeshamla? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na barua hii ina ombi ambalo hutalipenda. Mwambie kaka Gaspa akusomee polepole, asiruke mstari.

Unajua kwamba tangu nipunguzwe kazi kule kwenye miwa naishi kwa mashine hii ya kukoboa mpunga. Ni chakavu, mkanda wake umeshonwa mara mbili, lakini ni yangu. Mwaka huu mtu mmoja amefungua mashine mpya karibu na stesheni, na wateja wakaanza kunipita na magunia yao juu ya baiskeli, wananisalimu vizuri kabisa huku wanakwenda kwake. Mama, salamu ya mteja anayekupita inauma kuliko tusi. Nikapata ugonjwa mmoja: siwezi kuvumilia mashine ikinyamaza. Ikinguruma huita watu. Ikinyamaza kidogo tu, naona mji mzima unasema Veronika amefunga.

Ndipo nikakosea.

Jumatano alikuja Bibi Paskalina, mkulima wa ng'ambo ya mto, mteja wangu tangu siku ya kwanza. Alivuka na kivuko akiwa na magunia matatu. Akanionyesha kwa kidole: mawili ni ya kukoboa, la tatu ni mbegu, maana mwaka huu atalima upande huu, kwenye shamba la marehemu kaka yake. Nimhifadhie mpaka Jumamosi, kwanza anakwenda Mang'ula kumwona binti yake aliyejifungua.

Gunia la mbegu nililiweka peke yake ukutani. Mvua ikanyesha, bati likavuja pale pale, nikalisogeza likakaa na mengine. Alhamisi mchana hakukuwa na mteja hata mmoja. Desturi unaijua: mpunga haumwagwi kwenye mashine mwenyewe hayupo, ni lazima aone wa kwake unaingia na wa kwake unatoka. Mimi mwenyewe nimeiandika ukutani kwa mkaa. Lakini nilitaka mngurumo. Nikamwambia fundi wangu Kulwa, yule Msukuma niliyefanya naye kazi kwenye miwa, "Washa, tukoboe ya Bibi." Tukamwaga yote matatu, nikiwa nimesahau kabisa lile la mbegu.

La tatu lilikuwa linakwisha nilipochota mchele kiganjani, ungali wa moto, nikasikia harufu ya moshi. Ni nani anayeweka mpunga wa kula kwenye uchaga juu ya meko? Hapo hukaa mbegu.

Kulwa akazima mashine. Akasema, "Dada, tujaze gunia mpunga mwingine, tulifunge kama lilivyokuwa. Mpunga ni mpunga mpaka utoe masuke. Siku hiyo nani atajua ulichanganyikia wapi?"

Sitajifanya mtakatifu mbele yako. Nililifikiria jambo hilo mchana kutwa. Ijumaa nilikwenda hata sokoni, nikawa nachota mpunga huu na huu, nalinganisha. Nilijiambia kwamba jina langu likiharibika ng'ambo ya mto, hakuna atakayevuka tena kuja kwangu, na yule wa stesheni atakuwa amenimaliza bila kutoa jasho. Kisha nikakukumbuka wewe ukichagua masuke ya mbegu, moja moja, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuvuna. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi Bibi akaja. Nikapiga goti, nikamweleza yote, hata ya sokoni. Akachota mchele, akaunusa, akakaa kwenye benchi la wateja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mbegu hii nilipewa na mama mkwe," akasema. "Mwaka wa njaa tulichimba mizizi, hatukuigusa."

Nikamwambia nitamnunulia nyingine.

"Ya sokoni? Mpunga wa kila shamba kwenye gunia moja? Usinichezee, mwanangu." Kisha akauliza, "Mama yako yu hai?"

"Yupo, Masagati."

"Anachagua mbegu mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mwandikie yeye. Usimwambie gunia limepotea. Mwambie umelikoboa."

Nimelikoboa, Mama. Nakuomba nusu ya mbegu yako. Najua ni ya shamba lako, na najua ulimnyima hata shangazi alipokuomba. Ukiona haiwezekani, sema haiwezekani. Nitamfikishia neno hilo kama lilivyo, na yatakayonipata yanipate.

Ningekuja mwenyewe, lakini Bibi amesema nisiondoke machoni pake. Anayekuletea barua hii ndiye Kulwa, atashuka treni Mlimba na kumalizia kwa baiskeli. Kwa hiyo mashine itazimwa mpaka arudi, maana ule mkanda anauweza yeye tu. Tangu Jumamosi wateja wachache wanaofika wanamkuta Bibi benchini, na wakimwuliza anasubiri nini, anajibu, "Nasubiri mbegu. Huyu aliikoboa." Anasema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya mnada, nami nimesimama pale pale nasikia. Analala kwangu. Ameniamuru niupike mchele ule ule, na ndio tunaokula, mimi na yeye, sahani moja.

Nisalimie Gaspa na mkewe, wasigombane mbele ya watoto. Msalimie shangazi, najua akisikia haya atasema nilipewa mimi alichonyimwa yeye, na ana haki ya kusema. Katekista naye mwambie aniombee, asitangaze kanisani.

Bibi Paskalina ananiambia niongeze salamu zake kwako, ingawa hamjuani. Anauliza mpunga wenu wa huko hutoa masuke baada ya siku ngapi, apate kujua lini aanze kuamia ndege, wasiumalize shambani.

Mwanao,
Veronika