Saini ya Déogratias

Alhamisi, 5 Juni 2025

Leo ukaguzi wa uhai. Kila miezi mitatu sisi wazee wa reli tunaenda biro ya pensheni kuonyesha kwamba bado tunapumua. Benchi ileile, vikohozi vilevile. Liste inapita mukono kwa mukono, kila muntu anatia saini mbele ya jina lake. Nikatia yangu, kisha ya Déogratias, na ule mukia wake murefu chini ya jina. Yuko Kabalo kwa mudogo wake tangu Pasaka ya mwaka jana, miguu imevimba, hawezi kusafiri. Hakuna aliyeuliza. Miaka ishirini na mbili yeye njo aliendesha masini ya treni, miye musaidizi wake. Kitabu cha safari kilitaka saini mbili. Mumoja akisinzia, mwingine anatia zote. Njo tulivyozoea. Blandine ananicheka, eti nina wake wawili, yeye na Déo!

Ijumaa, 6 Juni

Déo amekufa.

Rezo ya simu ya Kabalo ilikatika siku nne, imerudi leo muchana. Mama Emilie, muke wake, alinipigia. Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu, asubuhi. Walishamuzika. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikuwa nanyoa ndevu. Wembe ukasimama kwa shavu. Jumanne amekufa — Alhamisi nimemutilia saini kwamba yuko muzima! Mungu wangu!

Nikamwambia Blandine. Akaendelea kuchambua ndakala, vile visamaki vya ziwa. Kisha: usimwambie muntu. Basi nimenyamaza.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Emilie amerudi na treni. Leo asubuhi alikwenda kuomba pensheni ya mujane. Chef wa biro, Papa Cyrille, amefika mwaka huu tu, bado hajatujua sisi wazee. Akafungua dosie, akaweka cheti cha kifo kando ya liste. Akamwambia: mama, bwana yako alikufa tarehe tatu. Tarehe tano alikuja hapa kutia saini. Sasa nani anasema uongo? Amemupa mpaka Ijumaa kuleta maelezo, la sivyo dosie inafungwa.

Alikuja kwangu moja kwa moja. Hakulia. Akaweka kopi ya liste kwa meza, akanyoosha kidole.

— Papa Omer, huu mukia njo wa nani?

Nikasema ni wangu. Akakunja karatasi, akaomba maji ya kunywa.

Jumanne, 15 Julai

Blandine ana dawa ya jambo hili. Emilie aombe cheti kipya kule Kabalo, kiseme tarehe sita. Siku tatu tu, nani atapungukiwa? Hataki niseme ukweli, kwa sababu kwa mulango wa biro wamebandika tangazo, na miye nimelisoma mara mia: anayemutilia mwingine saini, pensheni yake mwenyewe inasimamishwa. Falone, mujukuu wetu, amebakiza mwaka mumoja wa masomo. «Tutakula urafiki?» Blandine ameniuliza. Nilimukasirikia sana. Kisha nikaona haya, kwani hakukosea.

Nikaenda kwa Emilie na yale maneno ya tarehe sita. Nilisikia vibaya kuyasema. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Nilimuogesha Jumanne kwa mikono hii. Kwenye musalaba tumeandika tarehe tatu. Bwana yangu alikufa mara moja, Papa Omer. Miye siwezi kumuua tena.

Kisha akaniletea chai, na sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda. Afazali angenitukana.

Jumatano, 16 Julai

Nimetembea mpaka bandarini na kurudi, goti linauma. Namufikiria Déo. Angekuwa pahali pangu, angenitukana kwanza, wee Omer, kichwa cha mbuzi! Kisha angevaa kofia na kwenda kusema ukweli. Alikuwa hivyo. Siku tulipogonga ng'ombe wa watu karibu na Nyunzu, miye njo nilikuwa kwa breki. Kwa ripoti aliandika jina lake mwenyewe.

Na kitu kingine, nikiandike hapa, hakuna atakayesoma. Nilikuwa nasema namusaidia muntu muguu wake unauma. Uongo nusu. Nilipenda kuandika jina lile. Kila miezi mitatu, kwa dakika moja, tulikuwa tena kazini sisi wawili.

Ijumaa, 18 Julai

Niko kwa benchi ya biro, kitabu hiki kiko juu ya goti. Blandine hakunisalimia leo asubuhi. Lakini nilikuta shati nyeupe imepigwa pasi, iko juu ya kiti.

Emilie alikaa kando yangu, mufuko kwa magoti. Papa Cyrille akatoka na dosie, akaita jina la dosie kwa sauti: «Déogratias!» Emilie hajasimama bado, kinywa changu kikafunguka chenyewe:

— Présent!

Wazee wote wakageuka. Hakuna aliyecheka. Papa Cyrille akanitazama sana.

— Papa, wewe njo Déogratias?

— Hapana. Miye Omer. Lakini saini ya tarehe tano, njo miye niliitia. Mama hana kosa.

Akatupeleka ndani. Akaandika maneno yangu yote, polepole, akanisomea. Hakuwa mukali, na hiyo ilinitia woga zaidi. Kisha: hapa, andika jina lake kama ulivyoandika siku ile. Nikaandika. Mukia ukatoka sawasawa.

— Sasa tia yako chini.

Mukono ukakataa! Nikaanza O, ikatoka kama ya mutoto wa shule. Nikaikata kwa mustari. Nikasimamisha kalamu hewani, namuona Falone, namuona Blandine na pasi yake ya makaa. Papa Cyrille akasema: Papa, hakuna haraka, toka nje upumue, bado nina wengine.

Kwa hiyo niko hapa. Kalamu ni yake, nimetoka nayo, njo hii naandika nayo. Emilie amebaki ndani. Mulango uko wazi, ninamuona. Upepo wa ziwa unaingia kwa dirisha, naye ameweka kiganja juu ya karatasi, kwenye jina la bwana yake, lisiruke. Ananitazama. Chini ya kiganja chake pako pahali pangu pa kutia saini, na ile O niliyoikata.