Alama ya Kumi na Saba

Jumanne, 6 Januari 2026

Sijamwambia mtu. Si mama, si Husna. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka. Juzi Jumapili, kule msituni, nilitia tiki ya uongo kwenye daftari la njia.

Niandike vizuri, labda nitalala.

Mimi na Husna tunajitolea kwenye chama cha watembea vilima. Tumemaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo, Husna akasema tusikae tu kuangaliana. Tunakaa nyumba moja hapa Kariakoo, mlango wao unatazamana na wetu. Baba alikataa kabisa — msichana na msitu wapi na wapi — mpaka Mwalimu Nasreen, aliyetufundisha jiografia, alipokuja dukani kumwombea. Baba anauza vitambaa. Mbele ya mwalimu wangu akawa mpole kama mteja ndiye yeye.

Kazi ya Jumapili ilikuwa kupaka alama kwenye njia mpya ya vilima vya Pugu. Mistari miwili myeupe kwenye mti, mmoja juu ya mwingine. Mstari wa juu ukilala kulia, mtembeaji akate kulia. Ukilala kushoto, akate kushoto. Gari lilituacha juu, tukawa tunapaka huku tunashuka. Lakini watembeaji watakuwa wanapanda, kwa hiyo kila alama inapakwa upande wa mti unaotazama chini.

Kaka Anaeli, kiongozi wa wapakaji, ana sheria moja anairudia mpaka tunacheka. Ukishapaka, shuka hatua hamsini, geuka, panda tena kama mgeni asiyejua kitu. Soma alama yako mwenyewe. Ndiyo utie tiki.

Kumi na sita nilizisoma. Ya kumi na saba, pale njia panda, nilishuka hatua hamsini na sikugeuka. Kitu kilikuwa kinatikisa majani nyuma yangu. Sauti za wenzangu zilikuwa zinapotelea chini, na Husna alishatangulia na kopo. Niliona aibu kuita "nisubirini". Aibu tu! Nikaenda zangu, nikatia tiki. Hata shingo sikugeuza.

Anayetia tiki ya uongo hatembei tena na chama. Yeye na mwenzake wa jozi. Jozi yangu ni Husna.

Labda alama iko sawa. Kwa nini isiwe sawa?


Jumatano, 7 Januari

Haiko sawa.

Leo nilikuwa mtaa wa Gerezani, dukani kwa Mzee Rogath, mwenyekiti wetu. Anauza vipuri vya magari, shokapu na beringi, na chumba cha nyuma ndiyo ofisi ya chama. Kanipa kazi ya kunakili ramani kwa mwandiko safi, kwa kuwa eti mwandiko wangu unasomeka kuliko wa watu wazima wote. Nilifurahi. Nilifika namba kumi na saba, nikachora njia panda, nikageuza karatasi ili niione kama mtu anayepanda.

Nikaweka kalamu chini.

Wakati tunashuka njia yetu ilikuwa mkono wangu wa kushoto. Nilizunguka mti nikapaka, lakini kichwani bado nasema kushoto, kushoto. Anayepanda inambidi akate kulia. Alama yangu inamwambia kushoto.

Kushoto kuna shimo la zamani la kuchimba kifusi. Kaka Anaeli alituonyesha kwa mbali. Limejaa maji ya mvua za Desemba, na majani yameota mpaka ukingoni, huoni ardhi inaishia wapi. Alirusha jiwe. Tulisikia maji, hatukuyaona.

Ningegeuka tu ningeona. Ndiyo maana ya sheria ile. Nimeielewa leo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya maboksi ya beringi.

Mzee Rogath akapita akasema ramani imetulia. Nikasema asante.


Alhamisi, 8 Januari

Nilikwenda kumwambia. Nilijipanga tangu asubuhi: shikamoo Mzee, nina neno. Nikafika. Kulikuwa na wanaume wanne wanakunywa kahawa mlangoni, wanabishana mpira. Nikasema shikamoo. Wakaitikia marahaba wote wanne kwa pamoja na kunitazama.

Nikaomba rula.

Nimeandika ujumbe kwenye simu mara tatu, nimefuta mara tatu. Sahani nimeirudisha jikoni na chakula chake. Mama anasema ni joto.


Ijumaa, 9 Januari

Inazidi kuwa mbaya. Njia inafunguliwa Jumatatu, Sikukuu ya Mapinduzi. Watu arobaini, makundi manane. Na Kaka Anaeli amesema hakuna kiongozi atakayetembea na kundi lolote! Ndiyo maana ya kuweka alama, watu wazifuate wenyewe. Yeye atabaki chini kuyaruhusu makundi moja moja kwa muda wake.

Kundi la sita ni la Mwalimu Nasreen na wanafunzi wanne wa kidato cha kwanza. Alikuja mwenyewe kujiandikisha. Akanishika bega mbele ya watu akasema, huyu Ruqaya ni mwanafunzi wangu, njia aliyopaka huyu naweza kuitembea nimefumba macho.

Nikayaandika majina yao matano.


Jumamosi, 10 Januari

Nimemwambia Husna.

Tulikuwa uani tunafua. Mama yake alikuwa ndani anakaanga samaki, kwa hiyo nilisema polepole sana, akaniambia rudia, nikarudia, akaniambia tena rudia. Ya tatu nikalia.

Alikamua lile shuka mpaka likawa kama kamba. Kisha akauliza, "Na jina langu liko pale kwenye daftari?"

Nikasema lipo.

Akakaa juu ya ndoo. Kaka Anaeli kamwandika kwenye mafunzo ya waongoza watalii, yanaanza Machi, chama ndicho kinampeleka. Mama yake ameshawaambia majirani wote mpaka muuza maji. Husna hana baba wa kumfungulia duka. Alinikumbusha hilo, hakulisema kwa ubaya, na ndiyo iliniuma zaidi.

Nikamwambia nitasema kosa ni langu peke yangu. Akasema sheria haijui peke yangu, inajua jozi.

"Ruqaya bwana, wewe hata mtu akikukanyaga unaomba samahani wewe. Sasa hili ndilo uliona ulinyamazie?"

Alicheka kidogo. Mimi nilishindwa. Akaendelea kufua, anawaza. Kisha akasema hakuna haja ya kumwambia mtu. Mti uko pale pale, rangi ipo. Atakwenda yeye Jumatatu alfajiri, kabla ya watu, akwangue ule mstari wa juu na kuupaka upya. Nusu saa, basi.

Nikasema twende wote. Akasema baba yako atakuachia saa kumi na moja alfajiri? Kweli, haachii. Nikasema basi twende kesho mchana, akasema kesho wana hitima ya babu yake Ilala, hawezi kukosa.

Nikamwambia naogopa shimo.

Akasema, "Mimi siogopi. Tugawane: wewe ogopa, mimi nipake."


Jumapili, 11 Januari

Nilinunua rangi mwenyewe, kopo dogo la nyeupe, na brashi, na msasa. Muuzaji akauliza napaka nini. Nikasema kitanda. Uongo wangu siku hizi unatoka bila kusukumwa.

Mpango ni huu. Nimemwandikia Kaka Anaeli kwamba Husna ana homa, Jumatatu hatakuja. Mama yake anajua anakwenda na gari la chama pamoja na wengine. Atachukua bodaboda mpaka mwanzo wa njia, apande, apake, arudi mjini kabla ya saa mbili ambapo kundi la kwanza linaondoka. Akimaliza anapiga simu.

Mimi nimepangiwa kukaa dukani Gerezani. Kila kundi likifika kileleni linanipigia, naandika saa na majina. Mzee Rogath hatembei vilima tena kwa ajili ya goti, anakaa mbele anauza.

Nimeisoma hii tena. Kaka Anaeli anajua Husna yuko kitandani. Mama yake anajua yuko na watu. Anayejua yuko peke yake kule ni mimi tu.

Mara hii moja nilitamani baba anikague, aniulize, anibane. Kaniuliza tu kama nimefunga dirisha.


Jumatatu, 12 Januari

Saa 11:20 alfajiri. Ameondoka. Nilimsikia akifungua kufuli. Nilichungulia, amevaa raba zangu kwa kuwa zake zinateleza, na mtandio wa kijani. Alinipungia brashi kama bendera. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nina cha kumwambia na nikampungia tu.

Saa 2:15. Niko dukani. Mtaa kimya, ni sikukuu, maduka mengi yamefungwa, basi la mwendokasi limepita karibu tupu. Kaka Anaeli amepiga, kundi la kwanza limeanza kupanda. Husna hajapiga.

Saa 2:50. Nimempigia mara sita. Hapatikani. Kule mtandao unakatikakatika, najua. Jumapili ile hata Kaka Anaeli alikuwa anapanda juu ya jiwe ili apate.

Saa 3:45. Kundi la kwanza wamefika kileleni! Wote watano! Yule baba aliyepiga anahema na kucheka, anasema alama ziko wazi, hawakupotea hata kidogo. Basi ameirekebisha. Ameirekebisha, alhamdulillahi. Nimeandika majina yao kwa furaha.

Sasa yuko wapi?

Saa 4:20. Kundi la pili, la tatu. Wazima. Nampigia Husna kila baada ya kundi. Najiambia simu imezima chaji. Najiambia yuko njiani anarudi. Najiambia amekutana na Kaka Anaeli pale chini, amegundulika, anagombezwa. Naomba iwe hivyo. Naomba agombezwe.

Saa 4:40. Mama Husna amenipigia. Anamtafuta mwanawe, simu haiingii, eti amesahau chakula. Akaniuliza yuko na nani huko. Nikasema yuko na wenzake, mama. Akasema haya mwanangu, mwambie asikae juani.

Saa 5:00. La nne na la tano. Wazima wote.

Saa 5:25. Mwalimu Nasreen amepiga. Kundi la sita wamefika, watoto wanapiga picha, nawasikia nyuma. Nikaandika majina. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile ya darasani, kwamba pale njia panda chini ya mti wamekuta kopo la rangi limeachwa wazi, na brashi juu ya jani. Alama bado mbichi, mtoto mmoja amechafua mkono. Walipokuwa wanasubiri anawe waliita kama kuna fundi karibu. Hakuna aliyeitika. Akauliza ni nani tuliyemtuma.

Nikasema sijui.

Nimesema sijui!

Niliuliza kama waliona mtu. Hapana. Kama walitazama upande wa kushoto. Akasema hapana Ruqaya, alama ilisema kulia, tukaenda kulia. Kwani kushoto kuna nini? Simu ikakatika.

Makundi sita yamepita pale. Watu thelathini. Wote wamefuata alama, wote wamekwenda kulia kama inavyotakiwa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama kushoto. Tumewasahihishia njia wote. Wamepita.

Husna hawezi kuacha kopo wazi. Kama alikwenda kunawa mikono majini. Kama alitaka tu kuona. Kama kuna kitu kilitikisa majani akakimbia upande ule. Sijui. Au amerudi kwa njia nyingine, yuko kwenye gari la mtu, atashuka hapo mlangoni anicheke, aniambie wewe ogopa mimi nipake. Nikingoja dakika kumi huenda akashuka.

Nimengoja tangu saa mbili.

Nikisema, mafunzo yake yamekwisha, na mama yake na majirani wote watajua. Atanichukia. Namtaka anichukie, awe hapa ananichukia.

Mzee Rogath yuko mlangoni na wateja wawili, anawaeleza bei ya shokapu. Nimeita "Mzee" mara moja kwa kunong'ona, hakusikia. Nimeona niandike kidogo kwanza, nikiandika natulia. Sasa nimetulia.

Amegeuka. Ameniona nimesimama na simu mkononi, anauliza kundi la saba vipi.

Wewe utakayeshika daftari hili, mtu yeyote, nakuomba usimwambie Mama Husna neno hili. Asilisikie kwako wala kwa mtu wa mtaani. Linyamazie tu mpaka mimi nimalize kulisema hapa, mbele ya hawa watu, nikianza na: shikamoo Mzee, nina neno.