Trela Iliyomezwa na Nyumba

Bonde la Caney, Kentucky
Oktoba, siku ya Alhamisi

Dada yangu mpendwa Wilda,

Pokea salamu zangu nyingi huko Lexington. Natumaini goti lako limepoa na kwamba ngazi za jengo lenu hazikutesi tena. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Huyu mume wangu Arvil anakohoa kama kawaida yake na kumkataa daktari kama kawaida yake.

Najua unachosubiri. Umenishikia kile chumba kilicho kando ya chako, ukamwambia mwenye jengo kwamba mdogo wako akishauza nyumba anahamia. Basi mthamini aliyetumwa na benki ya mnunuzi alifika Jumanne. Ni binti aitwaye Renee Stidham, mjukuu wa wale Stidham wa kiwanda cha mbao. Alivaa buti na hakukataa kahawa.

Arvil alimtembeza huku akijivuna kama jogoo. Akamwonyesha sebule ya matofali, chumba changu cha kushonea, varanda ya vioo, na paa jipya alilolijenga juu ya paa la zamani. Renee alisifu sana kazi ya mikono yake, kisha akauliza kibao kiko wapi. Si unajua, kila trela, yaani nyumba ya kuvutwa na lori kama hii yetu ilivyokuwa mwanzo, hutoka kiwandani na kibao chekundu cha chuma kilichopigiliwa ukutani kwa nje, na bila hicho benki haitoi mkopo. Arvil akacheka, akamuuliza trela gani tena, mwanangu, wakati hii ni nyumba kamili. Renee akamjibu kwa upole kwamba ametoka kutambaa chini yake, amekuta fremu ya chuma, ekseli mbili za magurudumu na hata kile chuma cha kuifungia kwenye lori. Akasema, "Mzee, nyumba haizaliwi ikiwa na ekseli."

Hapo ikabidi Arvil aseme. Kibao alikizika nyuma ya matofali mwaka ule alipojenga sebule. Kukitoa ni kubomoa ukuta, na ukuta wenyewe ndio uliobeba paa. Tena vyumba vyote alivyoongeza vimeegemea kuta za trela, ambazo kiwandani hazikuundwa kubeba mzigo wa ziada, wala hakuna mkaguzi aliyewahi kuvitazama. Kwa hiyo mnunuzi hatapata mkopo. Kuihamisha nako hakuwezekani, kwa sababu ukiivuta trela umeiangusha nyumba.

Tulipofika chumbani kwetu Renee alifungua pazia. Unalikumbuka lile dirisha. Zamani lilitazama kijito, sasa linatazama rafu za stoo aliyoiongeza Arvil, na mitungi yangu ya maharage imejipanga hapo. Akasema hawezi kukihesabu kuwa chumba cha kulala, maana hakina dirisha la nje, na moto ukiwaka mtu hana pa kutokea. Kwanza nilicheka. Halafu machozi yakanitoka mbele ya mgeni, nikaona aibu kubwa.

Alipoondoka nilimuuliza Arvil kama alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba haitauzika wala kuhamishika. Hakunidanganya, hajui kudanganya mtu akimuuliza, ila mimi sikuwahi kumuuliza. Alisema nilipofunga sanduku nije kwako baada ya mazishi ya mama, yeye alianza sebule. Nilipopata ile kazi ya hospitali huko kwenu, akajenga chumba cha kushonea. Nilipomwambia nimechoka na bonde hili, ikaja varanda. Akasema trela ni kitu cha kuondoka, mtu huifunga nyuma ya lori akaenda zake, naye hakutaka niamke siku moja nikakumbuka hilo. Nami nilivipokea vyote kama zawadi, Wilda. Niliwapikia mafundi waliomsaidia mkate wa mahindi nikiimba.

Sasa nikwambie ninalolikwepa tangu nishike kalamu. Nilimwambia Arvil kwamba nakuja kwako hivyo hivyo, bila senti ya nyumba. Nilimwambia aliyezungushiwa matofali ni trela, si mimi. Hakugomba. Alikwenda bandani, akarudi na penseli sikioni na futi mkononi, akapima ukuta wa chumbani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, ili nipate dirisha, abomoe upande wa kijito au upande wa barabara?

Nami, dada yangu, nikamjibu kijito.

Kioo ameshakiagiza, na sasa hivi nasikia msumeno. Nampenda yule mzee, na hilo limenifunga kuliko matofali yake. Usinipigie simu, maana nitakwambia mambo ni mazuri. Njoo na gari, unishike mkono unitoe, kabla kioo hakijafika. Jua likishaingia mle chumbani, sitatoka tena.

Wakumbatie wanao na wajukuu kwa niaba yangu, na Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Orpha