Vipande vya Kwinte

Versailles, 4 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Masista wa hospitali wanakupa supu ya maana, au bado ni maji ya viazi? Mimi ni mzima, ila kazi imenishinda. Okestra inataka kupiga muziki wa wafalme kama zamani, kwa sauti tano za nyuzi. Ya nne ni ya kwinte, fidla kubwa isiyosikika tena siku hizi. Nimeunda nakala mbili za ile kwinte ya kale uliyowapa makumbusho, na zote zinalia kama mtu aliyezibwa mdomo. Kiongozi wetu, Bi Vauquelin, ameniuliza, "Clotilde, hii ni fidla au droo ya kabati?" Nimebakiwa na nafasi moja, mwezi Mei. Ikishindikana, naacha ufundi. Labda sina mkono wako.

Mjukuu wako,
Clotilde

Mirecourt, 11 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kifua kinakoroma, supu ni ileile. Punguza unene wa ubao wa mbele, kidogo kidogo. Na mwambie huyo Bi Vauquelin kwamba droo haina nyuzi.

Babu yako,
Anselme

Versailles, 2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Umelala vizuri siku hizi? Nimepunguza ubao, ukapasuka. Patasi ulizonirithisha nimezifunga kwenye gazeti. Nitakurudishia.

Clotilde

Mirecourt, 6 Aprili

Clotilde wangu,

Sijambo kwa kadiri ya mtu ambaye daktari haachi kumwambia "pumzika" lakini ameacha kusema "ukipona". Kwa hiyo nisikilize.

Fungua patasi. Mkono wako hauna kosa. Unanakili uongo wangu. Nikiwa na miaka ishirini na sita, kwinte ile ilining'inia karakanani bila mnunuzi, kwa kuwa ni kubwa mno, haikai chini ya kidevu. Mpigaji mmoja wa Nancy akaniambia, "Ifupishe, nitaichukua." Nikaukata mwili wake juu na chini, kama mafundi wote wa hapa walivyozoea. Hakurudi. Makumbusho walipoiomba, nilisema haijaguswa na mtu. Wakanivika nishani, nami nikaona haya kujisahihisha. Barua yako ya kwanza nilipoisoma nilijua tatizo, kwamba mwili uliofupishwa huziba sauti, nikakupa ushauri wa mwoga.

Vipande sikuvitupa. Vimo kwenye kopo la biskuti linalokuja na barua hii: vinne, vimepinda kama mwezi mchanga. Waambie wote ni nani aliyekata. Sikuombi unisamehe haraka, ingawa sina muda mwingi wa kungoja.

Babu yako

Versailles, 19 Mei

Babu,

Shikamoo. Sista ameniandikia kwamba macho yako yamekataa kusoma, kwa hiyo atakusomea yeye. Sista, soma polepole.

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaenda makumbusho na kopo lako, nikavipanga vipande kuizunguka, vikakaa kama meno kinywani. Nimetengeneza ya tatu kwa umbo lile. Jana tumeipiga. Bi Vauquelin akasema, "Tuanze tena. Safari hii nyinyi wengine pigeni kwa sauti ya chini, niisikie." Nikawaeleza nani alikata. Mzee mmoja mpiga besi akasema, "Na vipande, nani alivitunza?"

Patasi sikurudishii. Jumamosi naja na kwinte. Kweli haikai chini ya kidevu. Nitaiegemeza kitandani kwako, uweke mkono juu yake nikiipiga.

Mjukuu wako, bado fundi,
Clotilde