Posa ya Asimwe na Mpaka Uliofungwa

Tata,

Shikamoo, baba. Nimeandika neno hilo nikangoja kidogo, mjinga mimi, nisikie "marahaba". Mazoea hayo. Basi nitajiitikia mwenyewe niendelee, maana nina mengi ya kukuuliza, na wewe ndiye uliyekuwa hunifukuzi nikianza maswali yangu. Ingawa mara nyingine ulisema, "Koku, wewe hata mgomba ungeuchosha."

Hapa Bugene tu wazima. Kaka Rwegasira amerudi nyumbani, ndiye mwenye mji sasa, lakini kwenye kiti chako anakaa ukingoni kabisa, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Redio yako ameichukua shangazi Bibiana. Dada yako huyo, Tata, hasikilizi habari, anagombana nazo. Msomaji akisema jambo asilolipenda, anamjibu palepale, "Nani kakwambia?" Kahawa imezaa vizuri mwaka huu, na mbuzi wako yule mwenye pembe moja bado anakula nguo kwenye kamba. Hayo ni ya kawaida. Nililotaka kukueleza hasa ni la posa ya Asimwe, kitinda mimba wako, na jinsi ilivyotaka kuvunjika kwa ugomvi ambao sisi hatukuuanzisha.

Unawakumbuka Mashemeji? Ndivyo ulivyokuwa ukiziita zile nchi mbili jirani zetu, ya kaskazini huko tunakovukia Murongo, na ya magharibi. Ulisema wanaoana, wanakula pamoja, halafu wananuniana kwa jambo ambalo wenyewe hawalisemi wazi. Nilikuwa nacheka. Sasa sikiliza. Miezi michache baada ya kukuzika, bomu lililipuka kwenye stendi ya mabasi upande wa magharibi. Magaidi, redio ilisema. Watu walikuwa wanapanda basi na mizigo yao, wakafa. Nani kalitega, mpaka leo hakuna anayejua kwa uhakika, au anayejua hasemi. Lakini wa magharibi alisema wa kaskazini ndiye anayewafuga magaidi hao, wa kaskazini akasema anasingiziwa ili ionekane yeye ndiye mbaya, wakatukanana kwa lugha ya heshima kama wakubwa wanavyotukanana, wakapeleka askari, wakaufunga mpaka ulio kati yao.

Mimi nilitaka kujua mpaka unafungwaje. Kweli, Tata, nilijiuliza sana. Ni kilima kilekile, mvua ileile, ng'ombe wanakunywa mto uleule. Nikapanda bodaboda nikaenda mpaka Murongo kwenda kuangalia, ingawa wetu haukuwa umefungwa. Niliyoyaona ni malori. Malori ya kutoka kwa Shemeji mmoja kwenda kwa Shemeji mwingine, yaliyozoea kwenda moja kwa moja, sasa yanazungukia kwetu, yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya matela. Mama mmoja muuza chapati aliniambia, "Dada, wagombane tu, mimi nauza." Kisha akasema ana dada yake kaolewa kule na simu yake haipatikani. Nikanunua chapati.

Na Kituntu je? Unazijua zile familia zilizotoka magharibi zamani, wanaolima mashamba ya watu na yao. Watoto wamezaliwa hapahapa, wamebatizwa hapahapa. Watu wakaanza kuwauliza dukani, "Ninyi mko upande gani?" Upande gani! Upande wa Kituntu, wangejibu nini kingine? Wengine wakaacha kuongea kilugha chao kwenye simu mbele za watu. Nilikasirika, Tata, nikamwambia muuza duka kwamba babu yake mwenyewe alikuja hapa kwa miguu kutoka kusikojulikana. Hajanisalimia tangu siku hiyo, na sukari nanunua Kayanga.

Sasa tuje kwa Asimwe. Anafundisha Kyerwa, unajua, na mchumba wake ni Kenedi, yule fundi pikipiki wa ng'ambo ya Murongo. Alikuja kukuona ulipoanza kuumwa, ukamtuma akate mkungu wa ndizi, nasi wote tukatoka nje kuangalia, maana tulijua unampima. Aliukata mgomba katikati, ukainama taratibu, akaupokea mkungu begani bila ndizi hata moja kugusa chini. Ukasema, "Huyu hajaangusha. Mpeni chakula." Asimwe alilia kwa furaha jikoni akisingizia moshi.

Shida ni kwamba baba yake Kenedi ni wa kaskazini, na mama yake ni wa magharibi. Kabla ya bomu hilo halikuwa neno. Na kwao, kama kwetu, posa haijaisha mpaka mjomba wa kijana atamke. Mjomba akinyamaza, mnakula, mnashukuru, mnarudi nyumbani bila mchumba. Mjomba wa Kenedi yuko magharibi. Tena kumbe, na hili tulilijua wiki ile ile ya posa, kijana wake mwenyewe alikuwa kwenye ile stendi. Alikwenda kununua viatu. Hakurudi.

Nilimuuliza Asimwe, tuahirishe? Akasema, "Dada, tukiahirisha wataufungua lini?" Wageni wakakubali kukutana kwetu, kwa sababu kwetu ndipo pekee pande zote mbili zingeweza kufika. Wa kaskazini wangevuka Murongo, wa magharibi wangezunguka kupitia Rusumo. Nikajiuliza, hivi wakikaa chumba kimoja wataangaliana vipi? Nilitaka kuona, nilikuwa na hamu hasa. Na niliogopa. Yote mawili kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoharibu, Tata.

Tulitandaza nyasi mbichi sebuleni kama ulivyopenda. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari, tamu, Rwegasira kaikamua mwenyewe. Lakini watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba hawa hawawezi kunywa kibuyu kimoja, kwamba mmoja atadhani katiliwa kitu, kwamba wataanza kubishana nani aanze kushika mrija. Nami nikajiona mwerevu. Nikasema tuweke vibuyu viwili, kimoja kulia kwa wa kaskazini, kimoja kushoto kwa wa magharibi, kila mtu na mirija yake, amani. Rwegasira akasema sawa, kwa sababu Rwegasira huwa anasema sawa. Wewe ungekuwepo ungeniuliza, "Koku, unaozesha au unaachanisha?" Maana katika ukoo wetu vibuyu viwili huwekwa siku ndoa inapovunjwa, kila upande unywe chake uende zake. Nililijua hilo! Nililiona kwa macho yangu kwa binti wa jirani. Lakini siku ile nilikuwa nawaza mabomu na foleni za malori, mila ikanitoka kichwani.

Wageni wakaingia. Wa kaskazini wakakaa kulia, wa magharibi kushoto, katikati pamebaki wazi kama barabara. Kahawa ya kutafuna ikapita kwenye kikapu, kila mtu akachukua, nikashusha pumzi. Kisha nikaleta vibuyu. Shangazi Bibiana alikuwa anatokea jikoni. Alipiga ukelele mmoja tu, "Mamaa! Mnawaachanisha hata hawajaoana?" Haki ya nani, nilitamani nyasi zile zinifunike. Kwao nao maana ni hiyohiyo, sote watu wa huku tuna hiyo. Mjomba wa Kenedi akasimama. Mtu mrefu, mwembamba, koti limemzidi, nadhani alikonda baada ya kushonewa. Akasema kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele, "Kumbe hata mwenyeji ameshaona. Basi tumeshukuru." Akatafuta fimbo yake.

Asimwe alikuwa nyuma ya pazia na khanga yake mpya. Niliziona nyayo zake tu chini ya pazia. Hazikusogea.

Mama yake Kenedi alikuwa bado hajakaa. Hilo nililiona tangu mwanzo nikajiuliza kwa nini. Alikuja na gari la mumewe, akaingia, akasimama mlangoni na pochi mkononi. Sasa mumewe kulia, kaka yake kushoto, angekaa wapi? Yule kaka akageuka akamkuta mlangoni, na ndipo lilipotoka lenyewe lililokuwa limemkaa kooni. Akamwambia, "Mwanangu alizikwa shangazi yake hayupo."

Tata, si bomu. Si nani kafuga gaidi gani. Hilo ndilo alilolibeba kutoka kwao, akazunguka nalo njia yote ile. Mpaka ulifungwa kesho yake baada ya bomu, na dada yake akazuiliwa upande wa pili, akazungushwa ofisini, akarudishwa nyumbani, mtoto akazikwa. Na kwenye msiba, shangazi wa nyumba ndiye wa kulia kwanza. Unalijua hilo kuliko mimi, shangazi Bibiana ndiye aliyetangulia kwako.

Yule mama hakujieleza. Hakusema mpaka, hakusema askari. Aliweka pochi chini, akapiga magoti kwenye nyasi zetu za posa, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia kilio cha msiba. Kile chenyewe, cha sauti, cha kumwita mtoto. Kwenye posa! Nani aliwahi kuona? Wanawake wetu wakatazamana. Najua ni mwiko, kila mtu alijua, na hakuna aliyemnyamazisha. Mumewe akavua kofia, akatoka kwenye kiti, akakaa chini kwenye nyasi kama wafiwa wanavyokaa. Ndugu zake nao wakashuka, mmoja mmoja, wazee wenye magoti mabovu, wanasaidiana. Upande wote wa kaskazini ukakaa chini.

Na mimi nikalia. Nikasema moyoni namlilia kijana wa viatu, lakini nilikuwa nakulilia wewe, Tata. Siku ya mazishi yako nilikuwa nahesabu sahani na kutafuta viti, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza, nilikuwa sijafika bado. Nimefika siku ile, kwenye posa ya watu. Nimekumisi sana, na nina hasira umeondoka kabla sijamaliza kukuuliza.

Mjomba alisimama muda mrefu na fimbo yake. Kisha akainama akamshika dada yake begani, akakaa chini karibu naye, wakalia wote wawili, yeye kimyakimya. Shangazi Bibiana akaondoa vibuyu vyangu bila kunitazama, akaleta uji wa mtama, wa msibani, akawapa wote kwa kikombe, kulia na kushoto. Hakuuliza mtu. Wakanywa. Nilimwangalia kila mmoja, udadisi haukuniacha hata na machozi, na hakuna aliyenusa kikombe kabla ya kunywa.

Msiba ule tulikaa nao mpaka jua lilipopita juu ya paa. Wakaulizana habari za wazee, nani yuko hai, nani kapooza. Wakamsimulia mama yake Kenedi mazishi yalivyokuwa, nani alihubiri, udongo ulikuwa wa aina gani. Aliuliza kila kitu, naye alijibiwa kila kitu. Nikaelewa kwa nini napenda maswali. Baadaye mshenga akakohoa, akasema kwa aibu kwamba, samahani, kulikuwa na jambo lingine limetuleta hapa. Watu wakacheka kidogo, wakarudi kwenye viti. Hawakurudi sawasawa na mwanzo, kila mmoja alikaa palipokuwa karibu. Asimwe akaitwa, akatoka nyuma ya pazia macho mekundu, akapiga magoti.

Ikabaki mjomba. Alimtazama Kenedi, akamtazama Asimwe, akainamia fimbo yake. Nilidhani atanyamaza, na ningemwelewa. Akasema, "Kwenye harusi, mwanangu ndiye angesimama na Kenedi. Mtafuteni mwingine."

Ndilo neno lake hilo. Mshenga ilibidi afikiri kidogo ndipo aelewe kwamba kwa kuitaja harusi, mzee ameshatoa ndiyo yake. Hatukupiga vigelegele, shangazi Bibiana alitukataza kwa jicho. Asimwe alimshika yule mzee miguu, naye akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Jirani zetu bado hawasalimiani, Tata. Malori bado yanazunguka. Sijui ni nani aliyetega, sijui watafungua lini, na huko uliko kama kuna anayejua, mdodose kwa niaba yangu.

Ila kuna moja nimelikumbuka wameshaondoka, limenikosesha raha. Mimi mwanao wa kuuliza, niliuliza walipitia njia gani, waliuliza nini Rusumo, koti kalishona nani. Sikuuliza kijana aliitwa nani. Shangazi yake alimlilia kwa jina la utotoni la kwao, sikulishika. Basi nakuahidi, nitampigia yule mzee nimuulize jina kamili la mwanawe. Siku ya harusi mchungaji atakapowataja wasiokuwepo, utatajwa wewe, na atatajwa yeye. Kama mtakutana kabla ya hapo, mpokee, ni shemeji yetu.

Pumzika na maswali yangu sasa. Nakupenda.

Mwanao,
Kokugonza