Nyusi Nazo Husalimia

Kileleshwa, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Na goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na Mungu amenitendea jambo. Ningepiga simu, lakini maneno ya simu hupotea, na haya nataka Mjomba Kioko ayashike mkononi mwake.

Tangu nimpite pale sokoni bila salamu, amekususia wewe dada yake. Hata mazishini kwa shangazi mlikaa mbalimbali. Mimi ndiye mtoto, mimi ndiye niliyepaswa kuanza kusalimu, nami nikampita kama mti. Kijiji kikanibandika jina, Mwende wa maringo, nawe ukanitetea peke yako.

Huku nako yalikuwa yale yale. Mama Njeri, mwajiri wangu, alishanionya kwamba majirani wanalalamika naringa, na nikiendelea hivyo atatafuta mwingine. Kisha mama yake, Shosho, akaja kukaa nasi. Siku moja nikitoka dukani alinipungia mkono akiwa juu kwenye roshani. Nikapita. Nilipoingia ndani hakununa, aliniita tu dirishani.

"Mwende, hiyo blanketi iko kwa kamba hapo chini ni rangi gani?"

"Blanketi gani, Shosho?"

Akacheka hadi akashika ukuta. "Kumbe wewe hauringi. Hauoni!"

Mama, nililia.

Jumamosi Mama Njeri mwenyewe akanipeleka mjini kwa daktari wa macho. Katika herufi zote za ukutani niliijua ile kubwa ya juu tu. Tulipoenda kuchukua miwani nilisimama barabarani nikiwatazama watu usoni, wakinigonga mabega. Kumbe watu husalimiana bila sauti! Bawabu wetu, niliyedhani ana roho ngumu, huniinulia nyusi kila asubuhi. Maisha yangu yote nimengoja kusikia sauti ndipo nijue ni nani, kumbe nyusi nazo husalimia. Siku hizi nainua zangu hadi zinauma.

Najua huko miwani ni ya mchungaji na mwalimu mkuu, na msichana akiivaa anajifanya msomi. Waache waseme. Niliitwa mwenye maringo nikiwa sina miwani, na sasa ninayo, hapa hakuna anayeniita hivyo tena. Shosho nitamshukuru hadi nizeeke.

Hapa mpe Mjomba asome mwenyewe: Mjomba, nasikia siku ile uliniinulia kofia. Sikuiona kofia, wala sikukuona wewe. Sikukudharau. Mama hana kosa lolote, tafadhali ingia kwake unywe chai.

Nisalimie kaka yangu kinyozi, nyanya mzaa baba, na mama mchungaji aliyeniombea roho ya kiburi initoke. Mwambie ameshajibiwa.

Krismasi nikishuka garini, wewe na Mjomba msimame pamoja ng'ambo ya barabara, kimya. Mtu asiniite. Nitaanza mimi.

Mwanao anayekupenda,
Mwende