Mananasi Nyuma ya Kabati

Adada, shangazi yangu wa pekee,

Nyuma ya kabati langu la nguo, ukutani, kuna mananasi yako. Nimeyapaka kwa rangi ya buluu, kutoka sakafuni hadi mkono wangu unapofika. Hakuna anayejua. Sijamwambia Mama, wala Baba, wala rafiki yangu wa shule. Wewe ndiye wa kwanza, na ninakuandikia kwa simu kwa sababu kila nikijaribu kukurekodia sauti, naifuta kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Jumamosi fundi anakuja kubandika karatasi za ukutani, na atalisogeza kabati. Tangu Mama aseme hivyo, sikai mahali pamoja. Nafagia ua niliokwisha kuufagia. Nachemsha chai, kisha nasahau kuinywa.

Unaikumbuka nyumba yetu ya mabati? Upepo wa kiangazi ukivuma, vumbi liliingia kwa matundu ya misumari, nawe ukazifunika kuta zote kwa mashuka meupe. Juu ya mashuka ukatundika vitambaa vyako, vile ulivyofuma kwa uzi na sindano yenye ncha ya kulabu. Mimi nililala upande wa ukuta, nikifuata mistari kwa kidole mpaka usingizi unichukue.

Mananasi ulijifunza kutoka kwa ukurasa wa gazeti la mitindo uliofungiwa sukari dukani. Ulikuwa na picha tu, bila maneno, na uliushika juu chini. Nanasi ulilolijua wewe ni lile la sokoni, lililokwisha kukatwa vipande. Basi majani yakawa chini na tunda likawa juu, na hakuna aliyegundua hadi siku jirani yetu Mama Kendi, aliyetoka Meru kuuza mboga, alipoingia kuomba chumvi akakiona kitambaa kwenye kochi.

“Wee Halima, hii nanasi yako imesimama na kichwa!”

“Hapa Isiolo jua ni kali,” ulimjibu bila kuinua macho. “Hata nanasi inaficha uso.”

“Si ugeuze kitambaa tu?”

“Nikigeuza, upindo unaenda juu. Utanigeuzia na kochi?”

Mama Kendi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakuomba umfundishe. Na ulimfundisha hivyo hivyo, majani chini. Baadaye ulimfundisha Mama Ekai, jirani yetu wa Kiturkana, naye akafuma ya rangi nyekundu. Hata bibi harusi mmoja aliyeolewa Garbatulla aliondoka na seti nzima. Sijui kama huko walimcheka. Nadhani walimwomba awafundishe.

Nakumbuka pia maji ya sukari. Ulivichovya vitambaa humo ili vikikauka viwe vigumu na visimame vizuri juu ya makochi. Halafu Idd ile sisimizi wakaja, na mgeni wa Baba akaruka kutoka kitini akijikung'uta kanzu. Ulimwambia, “Kaa tu, kaka. Hata hao wamekuja kusherehekea.”

Ulipokwenda Saudia kufanya kazi, tulihamia nyumba ya mawe. Mama akavitia vitambaa kwenye gunia, gunia likaenda chini ya kitanda. Simlaumu. Anataka nyumba ambayo mtu akiingia hatajua kwamba tuliwahi kuishi ndani ya mashuka. Jumapili ni zamu yake kuwakaribisha wanawake wa chama chao cha akiba, na kwa sebule amechagua karatasi yenye picha ya matofali. Baba aliifungua kidogo akaipapasa.

“Tumejenga kwa mawe, tukapiga plasta kuyaficha. Sasa tunanunua picha ya matofali?”

“Wewe chagua mbuzi wako,” Mama akasema. “Ukuta niachie mimi.”

Na chumba changu amekinunulia waridi. Maua makubwa ya pinki. Aliniletea karatasi mwenyewe, akaifuta vumbi kwa leso yake, akasema, “Umemaliza shule. Chumba cha msichana mkubwa hakikai uchi.” Nilisema asante. Alitabasamu sana, Adada, nikaipokea kwa mikono miwili. Angekuwa ameninunulia kwa ubaya, ingekuwa rahisi.

Lakini na wewe una lawama yako. Ulinitumia picha ya sebule ya nyumba unamofanya kazi, yenye karatasi ya majani na maua yanayojirudia mpaka darini. Ukasema, “Angalia, Talaso, ukuta umevaa kama bibi harusi. Na hayo maua ni ya zamani kuliko nyumba yenyewe.” Niliisikiliza sauti hiyo mara nyingi. Nikaona kwamba karatasi ile inafanya kazi iliyofanywa na vitambaa vyako: ua moja linamshika mwenzake mkono, na mwenzake anamshika mwingine, mpaka ukuta wote unakuwa kitu kimoja.

Nikatoa kitambaa kimoja kwenye gunia. Nikakichovya kwenye maji ya sukari, kikakauka kikawa kigumu kama sahani. Nikakibandika ukutani kwa misumari midogo, nikachukua kipande cha sponji ya godoro na rangi iliyobaki ya mlango wetu, nikagusagusa. Nanasi la kwanza lilivuja. La pili nilitia rangi kidogo tu, na nilipokitoa kitambaa, nanasi lilikuwa pale, tundu kwa tundu. Nilicheka kwa sauti, peke yangu chumbani.

Nilijaribu kuligeuza moja lisimame sawasawa. Lilinitazama kama mgeni. Nikalifuta.

Tatizo ni sukari. Wiki hii sisimizi wanatoka nyuma ya kabati kwa mstari. Jana Mama alisimama mlangoni.

“Hawa wanatoka wapi? Umeficha mandazi?”

“Hapana, Mama.”

“Haya. Jumamosi kabati likisogezwa tutajua.”

Watu wananiuliza nitasomea nini. Nasema uuguzi, kwa sababu jibu hilo halileti swali la pili. Lakini ninachotaka ni hiki: kuta za watu, mapazia yao, foronya zao, na nakshi zetu juu yake. Siogopi kugombezwa. Naogopa Mama atasema “nzuri” kwa ile sauti ya kumsifia mtoto, kisha fundi apake gundi na waridi ziyafunike. Naogopa pia kulifuta lile tabasamu lake.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi, kabla fundi hajafika, nitamwita Mama nilisogeze kabati mwenyewe mbele yake. Nimelifanyia mazoezi neno langu kule zizini: “Mama, waridi kuta tatu, mananasi ukuta mmoja.” Mbuzi hawakupinga.

Ijumaa utapiga simu baada ya swala kama kawaida. Muulize Mama habari za mvua, na za chama. Akilalamika kuhusu sisimizi, tafadhali usicheke, maana ukicheka atajua, na wewe najua huwezi kujizuia. Jaribu. Usimwambie mtu yeyote, hata wenzako wa huko. Niachie neno litoke kinywani mwangu kwanza, hata kama litatoka limesimama na kichwa.

Mimi, binti wa kaka yako,
Talaso